Majina ya Kikristo Yasiyozoeleka kwa Watoto wa Kiume: Mwongozo kwa Wazazi wa Lushoto na Milima ya Usambara

Kwa nini jina la mvulana lahitaji kupimwa

Katika utaratibu wa majina unaofuatwa nchini Tanzania, mtoto huandikwa jina lake, likafuatwa na jina la baba, kisha la babu au la ukoo, na kwa sababu hiyo jina analopewa mtoto wa kiume haliishii kwake, bali huja kuwa jina la pili la watoto wake wote, wa kike kwa wa kiume, na jina la tatu la wajukuu wake waliozaliwa na wanawe wa kiume endapo familia haitumii jina la ukoo. Hata kabla ya hapo jina hilo hubadilisha namna wazazi wenyewe wanavyoitwa, kwa kuwa mzaliwa wa kwanza akishapata jina, majirani wa Soni, Mlalo au Bumbuli huacha kumwita mama kwa jina lake la usichana na kuanza kumwita Mama Fulani, na baba vivyo hivyo. Uamuzi unaofanywa katika wiki chache za mwanzo unawahusu, kwa hiyo, watu ambao wengi wao hawajazaliwa bado.

Mwongozo huu unahusu majina ya Kikristo yasiyozoeleka, yaani majina yaliyomo katika Biblia, au yaliyobebwa na watakatifu na mashahidi wa Kanisa, lakini ambayo ni nadra kusikika mwalimu anapoita mahudhurio darasani, tofauti na Yohana, Petro, Paulo, Yakobo na Yosefu. Msimamo wake ni kwamba mzazi anayetaka jina la nadra hana haja ya kulitafuta katika orodha za kigeni, kwa maana Biblia ya Kiswahili iliyomo nyumbani mwake ina majina mengi ya aina hiyo ambayo yamekwisha kupata umbo linalotamkika, ila kila jina lipimwe kwa mambo matatu kabla ya kufikishwa kanisani, nayo ni maana yake, mtu aliyelibeba, na maandishi yake.

Jinsi majina haya yalivyofika milimani

Johann Ludwig Krapf alifika Vuga kwa mfalme Kimweri mwaka 1848, lakini vituo vya kudumu vilikuja baadaye: Waanglikana wa UMCA, shirika la umisionari lililoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza, walijenga Magila, chini ya Usambara Mashariki, Walutheri wa shirika lililokuja kujulikana kwa jina la Betheli walianza Mlalo mwaka 1891, kisha wakaenea hadi Vuga na Bumbuli, na Wakatoliki wa shirika la Watrapisti walijikita Gare. Kila kundi lilikuja na mazoea yake ya kuandika majina ya Biblia, wengine wakifuata Kiingereza na Kiswahili cha Unguja, wengine Kijerumani, wengine Kilatini, na matokeo yake ni kwamba hadi leo mtume mmoja anaweza kuwa na maumbo matatu ya jina katika kijiji kimoja.

Tofauti hiyo iliongezwa nguvu na tafsiri za Biblia. Karl Roehl, mmisionari wa Betheli aliyefanya kazi Usambara na kuchapisha sarufi ya Kishambaa mwaka 1911, ndiye aliyeongoza tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1937, akijitahidi kuepuka maneno yenye asili ya Kiarabu, kwa hiyo aliandika Mose na Dawidi mahali ambapo Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952 na ambayo ndiyo iliyoenea zaidi, inaandika Musa na Daudi. Jambo hili lina uzito wa pekee Usambara, ambako Waislamu na Wakristo huishi katika ukoo mmoja na pengine katika nyumba moja: jina kama Musa, Daudi, Ayubu, Zakaria au Sulemani hupokelewa na mabibi na mababu wa pande zote mbili bila kuulizwa swali, ilhali Mose au Salomo humtambulisha mtoto kuwa Mkristo tangu anapotajwa. Hakuna umbo lililo bora kuliko lingine. Lililo muhimu ni mzazi kujua analochagua linasema nini kwa majirani zake.

> KISANDUKU 1: Jina moja, maumbo kadhaa
>
> Musa, Mose
> Daudi, Dawidi, David
> Sulemani, Solomoni, Salomo
> Yusufu, Yosefu, Joseph
> Iskanda, Aleksanda, Alexander
> Filemoni, Philemon
> Klementi, Clement
>
> Mbele ya ofisi ya serikali kila umbo ni jina tofauti. Lililoandikwa kwanza ndilo litakaloulizwa.

Majina ambayo Biblia yenyewe imeyaeleza

Sehemu salama ya kuanzia ni Agano la Kale, kwa kuwa humo majina mengi yametolewa pamoja na sababu yake, na mzazi hahitaji kumtegemea mtu wa kumfasiria. Gershomu, mwana wa Musa, aliitwa hivyo kwa sababu baba yake alikuwa mgeni katika nchi ya watu (Kutoka 2), na nduguye Eliezeri kwa sababu Mungu alikuwa msaada wa baba (Kutoka 18), hivyo majina hayo mawili yanafaa sana kwa familia iliyohama kutoka milimani kwenda Tanga au Dar es Salaam na kupata mtoto ugenini. Manase linahusu kusahau taabu na Efraimu kuzaa katika nchi ya mateso (Mwanzo 41). Obedi, maana yake mtumishi, ni jina ambalo halikutolewa na baba wala mama, bali na wanawake majirani waliokuja kumpongeza Naomi kwa kupata mjukuu (Ruthu 4), na ni vigumu kupata jina linaloheshimu nafasi ya bibi na majirani kuliko hilo. Yedidia, mpendwa wa Bwana, lilikuwa jina la pili la Sulemani, lililoletwa na nabii Nathani (2 Samweli 12).

Mengine hayakuelezwa moja kwa moja, lakini mzazi anaweza kuyafungua mwenyewe akijua vipande viwili vya Kiebrania: *El*, yaani Mungu, ambacho huwa mwanzoni au mwishoni mwa jina, na *-ia*, ambacho huwa mwishoni na ni kifupisho cha jina la Mungu wa Israeli. Kwa ufunguo huo Nehemia ni Bwana amefariji, Obadia ni mtumishi wa Bwana, Zefania ni Bwana ameficha, kwa maana ya kusitiri na kulinda, Hezekia ni Bwana hutia nguvu, Yoeli ni Bwana ni Mungu, na Besaleli ni katika kivuli cha Mungu. Huyu wa mwisho hatajwi mara nyingi mimbarani, ingawa alikuwa fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao aliyeijenga hema ya kukutania (Kutoka 31), na familia ya seremala au mwashi haina sababu ya kumwacha. Ufunguo huo, hata hivyo, hautumiki kwa majina ya Kigiriki na Kilatini yanayoishia kwa sauti hiyo hiyo, kama Yunia na Yulia, ambayo kwa kawaida ni ya wanawake.

Wako pia wawili ambao habari zao zinawahusu watu wa milimani kwa namna ya karibu. Yothamu, jina lenye maana ya Bwana ni mkamilifu, ni mtoto wa mwisho wa Gideoni aliyeponea mauaji ya ndugu zake, akapanda juu ya mlima Gerizimu na kupaza sauti hadi mji ulio bondeni ukasikia, akawasimulia watu mfano wa miti iliyokwenda kujitafutia mfalme (Waamuzi 9). Aliyezoea kuongea na jirani kutoka ng'ambo ya bonde, huku msitu wa Magamba ukiwa juu yake, anauona mlima huo bila kuchorewa. Wa pili ni Kalebu, ambaye akiwa na umri wa miaka 85 alimwomba Yoshua ampe nchi ya vilima, si tambarare, ingawa ilikuwa na wenyeji wenye nguvu (Yoshua 14). Jina Kalebu linahitaji uangalifu, kwa kuwa orodha nyingi husema maana yake ni mwaminifu au mwenye moyo wote, ilhali herufi zake za Kiebrania ni zile zile za neno mbwa, na wataalamu hawajakubaliana. Hilo halipaswi kumzuia mzazi: maana ya neno inabishaniwa, lakini mwenendo wa mtu aliyelibeba haubishaniwi, na kanisani ni mtu huyo anayekumbukwa.

Warumi 16 na wenzake Paulo

Sura ya mwisho ya Waraka kwa Warumi husomwa haraka kwa kuwa inaonekana ni salamu tu, na bado ndiyo akiba kubwa kuliko zote ya majina ya nadra, kwani ndani yake wamo Wakristo wa kawaida wa karne ya 1, wengi wao wakiwa na majina yaliyokuwa ya kawaida kwa watumwa na watu walioachwa huru katika dola ya Kirumi. Epaineto ni mwenye kusifiwa, naye ndiye aliyeamini kwanza katika jimbo la Asia. Androniko ni ushindi wa mtu. Ampliato ni aliyeongezwa. Urbano ni wa mjini. Stakisi ni suke la nafaka. Rufo ni mwekundu. Yasoni ni mponyaji. Asinkrito ni asiye na wa kulinganishwa naye. Tertio, aliyeushika wino Paulo alipokuwa akisema, maana yake ni wa tatu, na Kwarto ni wa nne, hivyo wazazi waliozoea kuhesabu watoto wao kwa shukrani wanaweza kuyatumia kwa mtoto wa tatu na wa nne.

Katika sura hiyo hiyo yumo Erasto, maana yake mpendwa, aliyekuwa wakili wa mji, yaani mtunza hazina. Lushoto ina sababu yake ya kulikumbuka jina hilo: mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake alipoona mchanganyiko wake wa maziwa, uliowekwa kwenye jokofu ukiwa bado wa moto, ukiganda kabla ya ule uliokuwa umepozwa, akauliza swali ambalo halikupokelewa vizuri darasani, na hatimaye mwaka 1969 akachapisha matokeo pamoja na mwanafizikia Denis Osborne. Dunia ya sayansi imelishika jina lake la mwisho katika kile kinachoitwa athari ya Mpemba. Hakuna linalowazuia wazazi wa Lushoto kulishika la kwanza.

Nje ya Warumi 16, Agano Jipya lina Onesimo, mwenye manufaa, na Onesiforo, mleta manufaa, Tikiko na Eutiko, yote mawili yakihusu bahati njema, Trofimo, mwana wa kulelewa, Aristarko, mtawala bora, Klementi, mpole, na Theofilo, rafiki wa Mungu, jina lililobebwa Tanzania na Askofu Teofilo Kisanji wa Kanisa la Moravian, ambaye chuo kikuu cha Mbeya kimeitwa kwa jina lake. Silvano, ambaye katika Matendo anaitwa Sila, lina asili katika neno la Kilatini la msitu, na kwa mtoto wa Usambara hilo ni jina linalokaa mahali pake.

Onesimo anastahili maneno zaidi. Alikuwa mtumwa wa Filemoni, na jina lake lilikuwa la aina ambayo mabwana waliwapa watumwa kueleza faida waliyoitarajia kwao, lakini Paulo aliligeuza akasema kwamba mtu huyo sasa ana manufaa kweli, si kama mali bali kama ndugu mpendwa. Katika milima hii, ambako kituo cha Lutindi kilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa katika biashara ya utumwa, ni jina la kutolewa kwa kujua, na mtoto atakayelibeba anastahili kusimuliwa barua nzima ya Filemoni, ambayo ni sura moja tu.

Wazazi wengine husita wanapoambiwa kwamba Apolo, Epafrodito au Dionisio yametokana na majina ya miungu ya Wagiriki. Hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwa sababu Wakristo wa kwanza waliobatizwa na majina hayo hawakulazimishwa kuyaacha, na mwenye kumwita mwanawe Denis, jina lililozoeleka kila mahali, tayari ametumia Dionisio kwa umbo la Kifaransa. Apolo lenyewe limepata heshima ya Kiafrika kupitia Apolo Kivebulaya, mchungaji Mwanglikana kutoka Uganda aliyepeleka Injili Mboga, mashariki ya Kongo, hadi kifo chake mwaka 1933.

Watakatifu, mashahidi na majina ya Kiafrika

Wakatoliki wa Jimbo la Tanga wana kalenda ya watakatifu, inayomwezesha mzazi kutazama siku aliyozaliwa mtoto au siku ya ubatizo na kukutana na jina ambalo asingelifikiria. Polikarpo, mwenye matunda mengi, askofu wa Smirna aliyeuawa katika karne ya 2, hukumbukwa tarehe 23 Februari. Maurus alikuwa mwanafunzi wa Benedikto. Telesphor, akamilishaye, alikuwa papa wa karne ya 2. Majina haya mawili ya mwisho si mageni Tanga, kwa kuwa Maurus Komba na Telesphor Mkude wamewahi kuwa maaskofu wa jimbo hilo. Upande wa Walutheri liko Sebastian, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mwenye kuheshimiwa, lililobebwa na Askofu Sebastian Kolowa, ambaye chuo kikuu kilichoanzishwa Magamba mwaka 2007 kilipewa jina lake.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama jina la Kiafrika linaweza kuwa jina la ubatizo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917, kanuni ya 761, ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wasipokubali, aongeze jina la mtakatifu na kuandika yote mawili kitabuni. Sheria ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu kwamba jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Zaidi ya hayo, tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu, na tangu siku hiyo Kizito, Lwanga, Mugagga na Gyavira ni majina ya watakatifu kama lilivyo Polikarpo. Mzazi Mkatoliki anayetaka jina la babu yake wa Kishambaa lisomwe kisimani ana, basi, msingi wa kuzungumza na paroko wake. Kwa Mlutheri na Mwanglikana mazungumzo hayo yafanyike na mchungaji au kasisi kabla ya siku ya ubatizo.

Aina nyingine imezaliwa hapa hapa Afrika Mashariki, hasa miongoni mwa Walutheri wa Kilimanjaro na Upare, ambao waliunganisha *Eli* na maneno ya Kiswahili au ya lugha zao: Elirehema, Elisante, Elifuraha, Pendaeli, Aminieli, na Aikaeli, ambamo *aika* ni asante kwa Kichaga. Ni ubunifu unaostahili heshima, kwa kuwa umefanya kile ambacho Waebrania wenyewe walifanya. Tahadhari ni moja: mengi kati ya majina haya hupewa wavulana na wasichana pia.

Hatua za kufuata

1. Andika sababu kabla ya kutafuta jina. Wazazi wote wawili wakae na kuandika, kila mmoja kwa sentensi moja, kile wanachotaka jina liseme: shukrani, ukumbusho wa mtu, hali ya kuzaliwa, au tumaini. Anayeanza na sauti nzuri ya jina na kutafuta sababu baadaye mara nyingi huishia na jina asiloweza kumweleza mtoto anapouliza.

2. Soma sura nzima, si mstari mmoja. Jina likishapatikana, litafutwe kila linapotokea, kwa msaada wa itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mahali yalipo, au kwa msaada wa mwinjilisti au katekista. Hapa ndipo hugundulika kwamba Nabali, ingawa latamkika vizuri, ni mpumbavu (1 Samweli 25), kwamba Dema alimwacha Paulo (2 Timotheo 4), na kwamba Ebenezeri si mtu bali ni jiwe la ukumbusho la Samweli, jambo lisilolifanya jina kuwa baya lakini linalopaswa kujulikana.

3. Thibitisha maana kwa vyanzo viwili. Orodha za majina hunakiliana makosa. Maana ikitofautiana kati ya kamusi ya Biblia na orodha nyingine, kamusi ya Biblia ipewe uzito zaidi, na ikiwa bado kuna utata, kama ilivyo kwa Kalebu, mzazi ategemee habari ya mtu.

4. Lijaribu mdomoni. Jina litamkwe pamoja na jina la baba na la ukoo, kwa mfano Tertio likifuatwa na jina la baba na moja ya majina mengi ya Kishambaa yanayoanza na *She-*, kisha liitwe kwa sauti kubwa kama mtu anavyomwita mtoto kutoka shamba la ng'ambo. Majina marefu hukatwa na watoto wenzake: Epafrodito atakuwa Dito, Onesiforo atakuwa Foro, na kifupi hicho ndicho kitakachodumu, kwa hiyo mzazi asipokipenda achague jina jingine.

5. Lipeleke kwa wazee mapema. Babu na bibi wa pande zote mbili waelezwe jina pamoja na sababu yake kabla halijatangazwa, na kama ukoo unatarajia jina la marehemu fulani, liandikwe kama jina la pili la mtoto au lihifadhiwe kwa matumizi ya nyumbani. Mabishano yanayoanza siku ya ubatizo huacha kinyongo kirefu.

6. Amua maandishi mara moja. Theofilo au Teofilo, Kwarto au Quartus, Erasto au Erastus: umbo moja lichaguliwe na kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi itakayobebwa kila ofisi. Umbo la Biblia ya Kiswahili lina faida kwamba karani yeyote anaweza kuliandika kwa kulisikia.

7. Lifikishe katika vitabu viwili. Kitabu cha ubatizo, au cha kuweka watoto wakfu kwa makanisa yasiyobatiza wachanga, ni cha Kanisa. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambayo wilayani hufanya kazi kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Tangazo la kizazi linalotolewa hospitalini au kwenye zahanati litunzwe, na usajili ufanyike ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, kwa kuwa baada ya hapo masharti huongezeka. Mara nyingi jina hufika serikalini kabla ya kufika kanisani, na ndiyo maana hatua ya 6 haipaswi kusubiri tarehe ya ubatizo.

> KISANDUKU 2: Tahadhari kuhusu majina ya huzuni
>
> Mtoto aliyezaliwa wakati wa msiba au ugomvi mara nyingi huitwa Shida, Taabu, Mateso au Masumbuko. Biblia inayo majina kama hayo, nayo inaonyesha pia jinsi yalivyoshughulikiwa. Raheli akikata roho alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu, lakini Yakobo, ingawa alikuwa amefiwa na mke aliyempenda, alikataa jina hilo na kumwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume (Mwanzo 35). Ikabodi, utukufu umeondoka, lilibaki (1 Samweli 4), na habari za huyo mtoto ni chache mno. Yabesi, jina linalohusu huzuni, lilimpa mwenyewe sababu ya kuomba alindwe nayo (1 Mambo ya Nyakati 4). Mzazi aliye katika majonzi asilazimishwe kutoa jina siku hiyo hiyo. Nehemia na Nahumu, yote yakiwa ya faraja, huikumbuka huzuni bila kumtwika mtoto.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kuchukua jina la mwanamke kwa sababu linaishia kwa sauti inayofanana na ya wanaume: Persisi, Euodia na Nimfa ni wanawake. La pili ni kuandika jina la ubatizo moja na la cheti cha kuzaliwa jingine, kwa imani kwamba yatalinganishwa baadaye. Hayatalinganishwa, kwa kuwa shule itafuata cheti, fomu ya mtihani wa darasa la saba itafuata shule, na kitambulisho cha NIDA kitataka vyote vikubaliane. La tatu ni kumpa mtoto majina matatu au manne ya nadra kwa pamoja, hata akose moja la kushika. La nne ni kuliacha jina bila maelezo, mtoto akafika kipaimara au komunyo ya kwanza pasipo kujua Tikiko alikuwa nani, wakati ambapo dakika kumi za kusoma Waefeso 6 na Wakolosai 4 zingetosha kumwonyesha kwamba ndiye aliyeaminiwa kuzipeleka barua hizo.

> ORODHA YA KUKAGUA
>
> ☐ Sababu ya jina imeandikwa na wazazi wote wawili.
> ☐ Kitabu na sura vinajulikana, na sura imesomwa yote.
> ☐ Mwenye jina alikuwa mwanamume, na mwenendo wake unakubalika.
> ☐ Maana imethibitishwa, au utata wake unajulikana.
> ☐ Kifupi cha jina kimefikiriwa.
> ☐ Wazee wa pande zote mbili wameelezwa.
> ☐ Mchungaji, kasisi au paroko amelisikia kabla ya siku ya ubatizo.
> ☐ Maandishi ni yale yale kwenye kadi ya kliniki, tangazo la kizazi, kitabu cha ubatizo na fomu ya RITA.

Jina likiwa limekwisha kukosewa

Mzazi anayegundua kosa la herufi achukue hatua kabla mtoto hajaanza darasa la kwanza, maana kila mwaka unaopita huongeza hati zinazohitaji kurekebishwa. Aanze na hati iliyo sahihi, kwa mfano cheti cha ubatizo au tangazo la kizazi, aipeleke pamoja na cheti chenye kosa kwenye ofisi ya usajili ya wilaya, na aulize kama marekebisho yatafanywa kwa ombi la kawaida au yatahitaji hati ya kiapo, yaani tamko linaloapwa mbele ya wakili au hakimu kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Cheti kipya kikitoka, nakala ipelekwe shuleni na kliniki siku hiyo hiyo, na kile cha zamani kirudishwe ofisini kama kitadaiwa. Kanisani, karani wa usharika au wa parokia asifute maandishi ya zamani kitabuni; marekebisho huandikwa pembeni pamoja na tarehe na sahihi ya mchungaji au paroko, ili atakayeomba cheti cha ubatizo miaka mingi baadaye, pengine kwa ajili ya ndoa, akute maelezo yote mahali pamoja.